Mkubwa wa IMF huchaguliwa na nani?

Juzi baada ya Alasiri nilikuwa barazani Mji wa Kale, nakunywa kahawa na wazee. Nahodha mmoja aliyetoka kununua petroli ya boti yake akanigeukia. "Mwanangu, wewe msomaji magazeti, niambie. Huyo mkubwa wa IMF nani alimchagua? Mbona ushuru nalipa na kura sikupiga?"

Tulicheka, lakini swali lilikuwa na uzito. Mwaka 2023 serikali ilipandisha VAT ya mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16, nchi ikiwa ndani ya mpango wa mkopo wa IMF ulioanza 2021. Mwaka uliofuata, vijana walipoandamana kupinga Mswada wa Fedha, mabango yao yaliitaja IMF kwa jina.

Nikamweleza hivi. IMF na Benki ya Dunia zilibuniwa mwaka 1944 huko Bretton Woods, Marekani, wakati Kenya ingali chini ya Mwingereza. Wakubwa wakaelewana, bila kuandika popote, kwamba Benki ya Dunia iongozwe na Mmarekani na IMF iongozwe na mtu wa Ulaya. Tangu Camille Gutt wa Ubelgiji mwaka 1946 hadi Kristalina Georgieva wa Bulgaria sasa, hakuna mtu wa nje ya Ulaya aliyepewa kiti cha IMF kwa kudumu. Ajay Banga wa Benki ya Dunia alizaliwa India, kweli, lakini ni raia wa Marekani na alipendekezwa na rais wa huko.

"Kwani hakuna kura?"

Kura ipo, ila si ile yetu ya mtu mmoja kura moja. Kila nchi hupewa kura chache za usawa, kisha nyingi zaidi kulingana na hisa yake, na hisa hufuata ukubwa wa uchumi. Marekani peke yake ina takriban asilimia 16.5 za kura za IMF. Nchi zote za Afrika kusini mwa Sahara, tukijumlishwa pamoja, hatufikii nusu ya hizo. Marekani, Ulaya na Japani wakisimama upande mmoja, wamekwisha kupita nusu. Na wanaopiga kura ni wakurugenzi wa bodi. Kenya haina mkurugenzi wake peke yake, hushirikiana kiti kimoja na nchi nyingine. Mwishoni mwa 2024 ndipo Afrika kusini mwa Sahara ilipoongezewa kiti cha tatu, bodi ikawa na viti 25.

Mwaka 2012 Ngozi Okonjo-Iweala wa Nigeria aliwania Benki ya Dunia. Alikuwa waziri wa fedha, na ndani ya benki hiyo alishawahi kuwa mkurugenzi mtendaji. Akashinda Jim Yong Kim, daktari aliyependekezwa na Marekani. Mimi bado naamini mama yule ndiye aliyefaa zaidi. Na Georgieva alipotakiwa mwaka 2019, umri wake ulikuwa umepita kikomo cha sheria ya IMF. Sheria ikabadilishwa.

Nahodha akatikisa kichwa. "Basi sisi hatuna letu?"

Tunalo, Abidjan. Katika Benki ya Maendeleo ya Afrika, anayetaka urais hana budi kupata zaidi ya nusu ya kura zote, na pia zaidi ya nusu ya kura za nchi za Afrika peke yake. Matajiri wa nje wana hisa humo, lakini hawawezi kutuletea mtu tusiyemtaka. Ndivyo alivyopatikana Sidi Ould Tah wa Mauritania, Mei 2025. Jambo la ajabu ni kwamba uchaguzi ule haukuzungumzwa hata siku moja hapa barazani.

Muhula wa Banga unamalizika 2028, wa Georgieva 2029. Nahodha alihesabu kwa vidole, akamaliza kahawa yake, akabeba dumu lake la petroli kuelekea pwani.