FIDIA YA ARDHI SI SADAKA

Msafiri atokaye Iringa kwenda Mbeya kwa barabara kuu, akisha kupita Mafinga na Makambako, huteremka hata Igawa, na tangu hapo bonde la Usangu huwa mkono wake wa kuume, nchi tambarare ya mpunga na malisho. Twapenda kuzungumza na wasomaji wetu juu ya bonde hilo, kwa sababu ndani yake limo swali linalomhusu kila mkulima na kila mfanyakazi: mtu akiondolewa katika ardhi yake kwa faida ya taifa zima, ni nani apaswaye kulipa gharama ya faida hiyo?

Swali hili si geni. Mwaka 1895 serikali ya Kijerumani ilitangaza kuwa ardhi yote ambayo mtu hakuweza kuthibitisha kuwa ni yake ni mali ya Dola. Mwaka 1923 Waingereza wakaiweka ardhi yote chini ya mamlaka ya Gavana, na haki ya mwananchi aliyelima kwa desturi ya wazee wake haikuandikwa katika sheria hiyo mpaka mwaka 1928. Katika nyanda zetu za juu, walowezi walipewa mashamba Iringa na Mufindi. Kaskazini, mwaka 1951, Wameru walifukuzwa Engare Nanyuki na nyumba zao zikachomwa. Mwaka uliofuata Ndugu Kirilo Japhet akasafiri hata Umoja wa Mataifa, New York. Alilodai huko lilikuwa ardhi yenyewe, wala si bei ya vibanda vilivyoungua.

Uhuru ulipokuja, tatizo hilo halikwisha lote. Sheria ya Utwaaji Ardhi ya mwaka 1967 ilisema kwamba ardhi iliyo wazi hailipiwi; kilipwacho ni maendelezo yaliyo juu yake tu. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, Jaji Mkuu Francis Nyalali akiiongoza, iliamua katika shauri la Lohay Akonaay kwamba haki ya ardhi ya kimila ni mali inayolindwa na Katiba, na kwamba kumnyang'anya mtu haki hiyo bila fidia ya haki ni kuvunja Katiba. Sheria za Ardhi za mwaka 1999 zikafuata njia hiyo: fidia iwe kamili, ya haki, na ilipwe kwa wakati. Tena Sheria ya Ardhi ya Vijiji ikakataza kuhamisha ardhi ya kijiji kabla aina ya fidia, kiasi chake na wakati wa kuilipa havijakubaliwa.

Basi sheria ipo, na ni nzuri. Sasa tutazame Usangu.

Tangu mwaka 1993 mto Ruaha Mkuu ulianza kukauka wakati wa kiangazi. Maji yake ndiyo yajazayo mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu, na kila mfanyakazi aliyekaa gizani mwaka 2006 anaujua uzito wa jambo hilo. Mwaka 1998 sehemu ya bonde ilifanywa pori la akiba. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji waliamriwa kuondoka Ihefu pamoja na ng'ombe wao, na wengi wakapelekwa mpaka mkoa wa Lindi. Mifugo mingi ilikufa njiani. Mwaka 2008 pori hilo likaunganishwa na Hifadhi ya Ruaha, ambayo eneo lake likazidi kilomita za mraba 20,000. Hata hivyo, wataalamu waliolichunguza bonde kabla ya hapo walikuwa wameonyesha kwamba maji mengi ya kiangazi yalikuwa yakichukuliwa na mifereji ya mashamba, kuliko kunywewa na ng'ombe.

Tufungue Kanuni za Fidia za mwaka 2001. Mle imo thamani ya ardhi, imo posho ya usumbufu, imo kodi ya nyumba ya miezi 36. Imo pia gharama ya kuchukua mizigo, lakini ndani ya kilomita 20 tu. Kutoka Usangu mpaka Lindi ni mamia ya kilomita! Aliyeandika kilomita 20 alimfikiria mwenye kabati na vitanda, ahamaye kutoka mtaa huu kwenda mtaa wa pili. Hakumfikiria mtu ambaye utajiri wake wote unatembea kwa miguu minne. Tena malisho ni ardhi ya kijiji kizima, hayana ukuta wala bati. Mthamini akija na daftari la nyumba na miti, mfugaji ataandikiwa nini? Wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo.

Jambo hili halikuishia hapo. Mwaka 2023 wananchi walipeleka malalamiko kwa Jopo la Ukaguzi la Benki ya Dunia juu ya mradi wa utalii wa Kusini wa dola milioni 150. Aprili 2024 Benki ilisimamisha malipo yake, na Novemba mwaka huo mradi ukafutwa. Twauliza: kwa nini mkulima wa Mbarali asikilizwe Washington kabla hajasikilizwa vya kutosha nyumbani kwake?

Wapo wasemao kwamba fidia kamili itaifilisi Hazina. Sisi twajibu kwamba gharama haipotei kwa kutolipwa. Huhamia tu mabegani mwa wanyonge. Ikiwa mto ni wa wote na umeme ni wa wote, basi na deni liwe la wote. Taifa lisiloweza kulipia ardhi halina budi kufikiri tena kama kweli linaihitaji.

Kwa hiyo twasema haya. Tathmini ifanywe na fidia ilipwe kabla mtu hajaambiwa afunge mizigo. Orodha ya majina na thamani isomwe mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, kila mtu aisikie. Malisho yapimwe na kuhesabiwa kama mashamba. Nanyi viongozi wa matawi, msingoje amri: wasaidieni wananchi kupata hati za kimila, kama zilivyoanza kutolewa kwa majaribio Mbozi, wilaya iliyokuwa wakati huo katika mkoa wa Mbeya.

Fidia si sadaka apewayo maskini kwa huruma ya mwenye nguvu. Ni deni. Na mdai asiye na maandishi huondoka mikono mitupu, maana mali bila daftari hupotea bila habari.