Wakaguzi wa Mpaka Ndani ya Utumbo

Msafiri afikaye Malaba hupokewa na mlolongo wa malori yaelekeayo Uganda, yakingoja watu wa forodha wakague hati zao. Tulipita hapo tulipotoka Pwani kuwazuru ndugu zetu wa Busia. Baada ya darasa la kina mama, mmoja wao alitunong'oneza kwamba kwa miezi kadhaa amekuwa akiona damu katika choo kikubwa. Maradhi alikwisha kuyapa jina mwenyewe: bawasiri. Mumewe hakuwa na habari, wala binti zake.

Sisi si matabibu. Tulimsihi aende hospitali, kisha tukawauliza wajuzi, na waliyotueleza yaliturejesha kwenye mpaka ule ule.

Chembe za ukuta wa utumbo mpana hujigawa usiku na mchana, kwani zilizochakaa hubadilishwa kila baada ya siku chache. Kazi hiyo ina wakaguzi wake, nao ni protini. Mmoja huitwa APC. Husaidia kuiteketeza protini nyingine, beta-katenini, ambayo ikilimbikizana huingia katika kiini cha chembe na kuiamrisha ijigawe. Jeni ya APC ikiharibika, amri hiyo haikomi, na vijinyama huota utumboni. Saratani nyingi za utumbo mpana huanzia hapo.

Wa pili ni p53, iliyogunduliwa mwaka 1979, na mambo yake ni ya ajabu. Katika chembe iliyo salama hutengenezwa daima, na daima huharibiwa kwa kazi ya protini iitwayo MDM2. Kwani mkaguzi mkali asiyepumzika angezuia hata malori yenye hati halali. Jeni zikijeruhiwa, p53 hutiwa alama za kemikali, MDM2 hushindwa kuishika, nayo huongezeka upesi. Hapo chembe husimamishwa ijitengeneze, au huamriwa ife. Tena p53 yenyewe ndiyo iamrishayo MDM2 itengenezwe, ili hatari ikipita ipunguzwe. Katika utumbo, aghalabu p53 hupotea baadaye, kijinyama kikielekea kuwa saratani. Safari hiyo yote huweza kuchukua miaka kumi au zaidi.

Kijinyama kikionekana ndani ya miaka hiyo, daktari hukikata kwa kifaa kipitishwacho njia ya haja kubwa. Wataalamu wa Marekani walishusha umri wa kuanza kupimwa kwa asiye na dalili kutoka 50 hadi 45 mwaka 2021. Mwenye kuona damu hangoji umri. Na kwa kuwa jeni mbovu ya APC huweza kurithiwa, siri ya mama huenda ikawa haki ya binti kuijua.

Daktari Denis Burkitt, aliyetibu Uganda miaka mingi, aliandika mwaka 1971 akihusisha uchache wa saratani hii Afrika na vyakula vyenye makapi mengi. Ugali wa wimbi na mtama wa Busia ni katika hivyo. Ni chakula chema, lakini hakimwondolei mtu haja ya kupimwa.

Kuhusu haya, Bi Aisha (r.a.) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwamba haikuwazuia kuuliza mambo ya dini yao. Hatuoni kwa nini iwazuie kina mama wetu mbele ya daktari.

Juzi tulimpigia simu mama yule. Aliyepokea ni binti yake mkubwa. Walikuwa kwenye foleni ya hospitali, wakingoja kuitwa.