Mbio, Jasho na Fukuto: Njia za Kukimbilia Katika Wete na Kaskazini mwa Pemba

Mji wa Wete umejengwa juu ya mwinuko unaoitazama bandari yake, upande wa magharibi wa kisiwa cha Pemba, kiasi cha nyuzi 5 kusini mwa Ikweta. Mabaharia wa Kiarabu wa zamani walikiita kisiwa hiki Al-Jazira al-Khadhra, yaani kisiwa cha kijani, na mpaka leo atokaye mjini kwa miguu haoni sababu ya kuwapinga. Vilima vimevikwa mikarafuu na minazi, mabonde yana mpunga, hori za bahari zimezungukwa na mikoko, na kaskazini, kupita Konde na msitu wa Ngezi, kuna mchanga mweupe wa Vumawimbi. Kwa kijana apendaye mbio ndefu, nchi hii ni nzuri mno. Lakini hewa yake ina hesabu ambayo mkimbiaji hana budi kuijua kabla ya kuchagua njia na saa.

Tuanze na mwili wenyewe. Kukimbia kilometa moja katika ardhi tambarare humgharimu mtu kiasi cha kilokalori moja kwa kila kilo ya uzito wake. Basi mwanafunzi wa kilo 60 akikimbia kilometa 10 hutumia kilokalori 600 hivi, na karibu 480 kati ya hizo hazimsogezi mbele hata hatua moja, maana hugeuka joto. Lau kama joto hilo lingebaki ndani, damu yake ingepanda kutoka nyuzi 37 za Sentigredi mpaka zaidi ya 46, naye angekufa kabla ya kufika mwisho. Kinachomwokoa ni jasho. Gramu moja ya jasho ikigeuka mvuke juu ya ngozi huondoka na kilokalori 0.58, kwa hiyo gramu 830 hivi zingetosha kuondoa joto lote. Neno la kuangaliwa hapa ni "ikigeuka mvuke". Jasho linalodondoka chini limepotea bure. Limeuacha mwili na kiu, na joto limebaki pale pale.

Wakimbiaji wetu wa kwanza waliojulikana duniani, kama John Stephen Akhwari na Filbert Bayi, walitoka nyanda za juu za Mbulu na Karatu. Mara nyingi husemwa kwamba siri yao ni hewa nyepesi ya milimani. Hilo lina ukweli wake, lakini hewa kavu nayo isisahauliwe. Tuchukue hewa ya nyuzi 20 yenye unyevu wa asilimia 50: kila meta ya ujazo hubeba gramu 9 hivi za mvuke. Hewa inayogusana na ngozi yenye jasho, kwa nyuzi 35, huweza kubeba gramu 40. Pengo ni gramu 31, na jasho hukimbilia pengo hilo upesi. Sasa tuje Wete katika miezi ya Kaskazi, tuchukue asubuhi ya nyuzi 25 yenye unyevu wa asilimia 95. Mvuke ni gramu 22 na pengo limebaki 18 tu.

Hapo mwanafunzi mwerevu atauliza: je, si afadhali kukimbia saa 5 mchana, unyevu unaposhuka mpaka asilimia 65? Swali hili huwapoteza hata watu wazima. Asilimia hupima jinsi hewa ilivyokaribia kushiba, na hewa ya moto huhitaji mvuke mwingi zaidi ili ishibe. Hewa ya nyuzi 32 yenye asilimia 65 ina gramu zile zile 22. Maji yaliyomo hewani hayakupungua. Kilichobadilika ni kipimo tunachokitumia kuyatazama. Tena alfajiri hewa imepungukiwa na joto la ngozi kwa nyuzi 10, hivyo hupokea sehemu ya joto bila msaada wa jasho, ambapo mchana tofauti ni nyuzi 3 tu. Ongeza jua, ambalo humtwika mkimbiaji asiye na kivuli joto jingine jipya, na jibu liko wazi. Alfajiri ya Wete ina fukuto, lakini mchana wake una fukuto pamoja na moto.

Nimelieleza jambo hili kwa urefu kwa sababu pwani ina mtego wake. Mchanga mkavu na laini huongeza gharama ya kukimbia hadi mara 1.6, na kila kilokalori ya ziada ni joto la ziada. Ndiyo maana mtu wa pwani hungoja maji yatoke, apate mchanga ulioshikana. Ufuo hupanuka zaidi wakati wa bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, ambapo maji katika visiwa vyetu hupanda na kushuka kwa kiasi cha meta 4. Kila siku maji huchelewa kwa dakika 50 hivi, lakini bamvua ina saa zake maalumu, kwa kuwa hutokea jua na mwezi wakiwa wamepangana katika mstari mmoja na dunia. Kwetu, maji ya bamvua hujaa karibu na saa 10, alfajiri na alasiri, na hutoka kabisa karibu na saa 4, asubuhi na usiku. Maana yake ni kwamba siku Vumawimbi inapotandaza mchanga wake mpana na mgumu, jua limekwisha panda na hakuna hata mti mmoja wa kujisitiri. Na saa 10 alasiri, wakati wa michezo ya shule, maji yamejaa na umebaki ukanda wa mchanga laini. Ufuo ule ni mzuri kwa mbio fupi na kwa macho. Kwa mazoezi ya saa nzima, mimi nisingeuchagua ila katika siku za katikati, maji yanapokuwa yametoka mapema asubuhi.

Njia za barani zina faida ya kivuli. Mikarafuu ilienea Pemba hasa baada ya tufani ya mwaka 1872 iliyoangamiza miti mingi ya Unguja, na leo vichochoro vyake ni mwavuli wa mkimbiaji. Vilima ni vifupi lakini vikali, basi apunguze mwendo anapopanda. Wakati wa mavuno karafuu huanikwa kwenye majamvi kando ya njia. Jasho la wenyewe lisikanyagwe. Mabonde ya mpunga yapitwe upesi, kwa kuwa hewa yake hutulia. Msitu wa Ngezi nao una kivuli kingi na upepo mchache.

Upepo wataka mpango. Mkimbiaji anayekwenda sawasawa na upepo ulio nyuma yake hubaki ndani ya hewa ile ile aliyokwisha ijaza mvuke wake. Yafaa basi aanze na upepo mgongoni akiwa bado baridi, arudi akiupokea usoni mwili ukiwa umepata moto. Wakati wa Kusi, atoke Wete kuelekea Konde na kurudi. Wakati wa Kaskazi, aanze kwa barabara iendayo Chake Chake.

Kuhusu mavazi, wasichana wetu wanaojisitiri hawana haja ya kuacha mbio. Nguo pana na nyepesi, ipitishayo hewa, haina madhara makubwa alfajiri. Ya kubana na nzito ndiyo adui. Katika Ramadhani, mazoezi mepesi yafanywe muda mfupi kabla ya futari, ili maji yaliyopotea yarudi mara moja, au usiku. Dafu ni kinywaji kizuri, ila lina potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, ambapo jasho hupoteza sodiamu zaidi. Chakula chenye chumvi kiwe karibu.

Hatari yenyewe si ya kubuni. Tarehe 14 Julai 1912, katika mbio za marathoni za Olimpiki mjini Stockholm, Mreno Francisco Lázaro alianguka njiani, akafa siku ya pili. Inasimuliwa kwamba alikuwa amejipaka mafuta mazito ajikinge na jua, akajizibia jasho. Mwalimu akimwona mwanafunzi anayumbayumba, anasema maneno yasiyo na mpango, na mwili wake unawaka, asidanganywe na jasho ambalo bado linatoka. Amweke kivulini, amvue nguo za juu, ammwagie maji mengi na kumpepea kwa nguvu papo hapo, huku gari la hospitali likitafutwa. Kupoza mwili kutangulie safari.

Shule inaweza kupima fukuto lake yenyewe kwa vipimajoto vitatu. Cha kwanza kitundikwe kivulini. Cha pili kiachwe wazi juani na penye upepo, balbu yake ikifungwa kitambaa cha pamba kilicholowa. Cha tatu kitiwe ndani ya kopo lililofungwa na kupakwa rangi nyeusi, likae juani. Zidisha cha pili kwa 7, cha kopo kwa 2, cha kwanza kwa 1, jumlisha, kisha gawanya kwa 10. Kanuni hii ilibuniwa Marekani katika miaka ya 1950, kuwakinga askari wapya wasife kwa joto mazoezini. Kwa alfajiri yetu ya nyuzi 25, balbu yenye maji ikisoma 24.5 na kopo 25, jibu ni 24.7. Kwa saa 5 mchana, balbu ikisoma 26.5 na kopo 45, jibu ni 30.8. Waandalizi wengi wa mbio ndefu huahirisha mashindano jibu likipita 28. Kopo la shule halina usahihi wa chombo cha maabara, lakini latosha kuandika tarakimu ya siku ubaoni kabla ya kengele ya michezo.