Wanaosaka maili angani wachunge miguu yao

Kuna watu, hasa Marekani, wanaopanda ndege bila kuwa na safari. Wakishatua hugeuza na kurudi nyumbani. Wanachotafuta ni maili za zawadi, mtindo ulioenea baada ya shirika la American Airlines kuanzisha mpango wake mwaka 1981. Jamaa zao huwaona wamerukwa na akili.

Akili zao ni shauri lao. Kwa daktari, taabu iko miguuni. Ukikaa kitini muda mrefu bila kujinyoosha, damu huenda polepole na huweza kuganda katika mishipa ya ndani ya miguu. Donge likikatika na kufika mapafuni, linaweza kuua.

Mwaka 2007, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilieleza kuwa safari ya muda wa saa 4 au zaidi huongeza hatari hiyo karibu maradufu, ingawa wanaopatwa ni wachache. Hatari hubakia kwa wiki 4 hivi, kwa hivyo anayerudia safari upesi huiongeza.

Tusiwacheke sana. Basi la usiku la Mombasa ni vivyo hivyo. Inuka utembee kidogo, kunja na kukunjua vifundo vya miguu. Mguu mmoja ukivimba na kuuma baada ya safari, usiukande. Mwone daktari siku hiyo hiyo.