Bastola Mezani na Hakimu wa Makadara

Tuchukue nyumba moja ya Buruburu, Eastlands ya Nairobi. Mume ana bastola yenye leseni. Mkewe hajawahi kupigwa hata kofi. Ila kila wakigombana, mume huichomoa bastola kiunoni, huiweka mezani kando ya rimoti, halafu huendelea kula. Hasemi neno. Mke akienda kituoni kuripoti, atawaonyesha nini? Hana jeraha, wala hakuna risasi iliyofyatuliwa. Je, sheria inaweza kuiondoa silaha hiyo kabla ya msiba?

Jimbo la California huko Marekani lilijibu swali hili baada ya mauaji ya Isla Vista ya Mei 2014, yaliyotokea wiki chache baada ya wazazi wa muuaji kuwaeleza wakuu wasiwasi wao. Tangu Januari 1, 2016, jamaa au polisi wanaweza kumwomba hakimu aamuru mtu apokonywe bunduki hata kama hajatenda kosa. Amri ya kwanza ni ya muda, siku 21 hivi. Kisha mwenye bunduki huitwa ajitetee, na hakimu akiridhika kwamba hatari ipo, siku hizi anaweza kuiongeza hadi miaka mitano. Wamarekani hubishana sana juu ya amri hizi kwa sababu katiba yao inataja haki ya kuwa na silaha.

Kenya hatuna mzigo huo. Katiba ya 2010 haimpi mtu haki ya kumiliki bunduki. Leseni ni ruhusa tu. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, kifungu cha 5, inaruhusu cheti kifutwe ikiwa mwenyewe ni mlevi kupindukia, hana akili timamu, au kwa sababu nyingine hafai kukabidhiwa silaha. Na Sheria ya Ulinzi Dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya 2015 inahesabu vitisho na mateso ya kihisia kuwa ukatili. Kwa hiyo bastola kando ya rimoti inatosha kumfikisha mke mahakamani Makadara, na hakimu anaweza kutoa amri ya ulinzi ya muda kabla hata mume hajasikizwa.

Tulichokosa ni amri moja iliyoundwa mahususi kwa ajili ya bunduki. Hakimu anashughulikia ugomvi wa nyumbani, Bodi ya Leseni za Silaha inashughulikia cheti, na mwananchi ndiye anayebeba karatasi kutoka ofisi hii hadi ile. Anayeomba amri ya ulinzi basi aitaje silaha waziwazi katika kiapo chake, amwombe hakimu aitaje katika amri, kisha apeleke nakala kwa mkuu wa kituo cha polisi (OCS) na kwa Bodi. Asisubiri faili ijipeleke.

Sasa haki za mwenye bunduki. Wapo wanaoona hana cha kulalamikia, maadamu leseni ni ruhusa. Sikubaliani nao. Mapema 2018, baada ya kiongozi wa upinzani Raila Odinga kula kiapo cha “rais wa wananchi” Uhuru Park, baadhi ya vigogo wa upinzani walifutiwa leseni za silaha. Mtu alihitaji ujasiri kuamini kwamba hilo lilihusu usalama pekee. Ibara ya 47 ya Katiba inadai hatua za kiutawala ziwe za haki na za kisheria, na anayeumizwa nazo ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Ndiyo maana ni heri uamuzi uwe wa hakimu, uwe na tarehe ya kusikizwa upande wa pili, na uwe na siku ya kwisha.

Eastlands, hata hivyo, ina mambo mawili ambayo California haikuyawazia. La kwanza, bunduki nyingi zinazotisha watu Dandora au Kayole hazina cheti cha kufutwa. La pili ni polisi wenyewe. Kijana wa Mathare akisikia kwamba karao wanakuja kupekua chumba chao kutafuta silaha, wazo la kwanza ni bonoko, ile bastola bandia inayowekwa kando ya maiti ili marehemu aitwe jambazi. Hofu hiyo ina msingi: Machi 30, 2020, mvulana wa miaka 13 aliuawa kwa risasi akiwa kwenye roshani ya kwao Kiamaiko, polisi wakisimamia kafyu. Amri ya kupokonya silaha itakayompa polisi ruhusa ya kuvunja mlango bila kibali cha hakimu, bila shahidi wa familia na bila orodha iliyotiwa sahihi ya vilivyochukuliwa, itaongeza maiti.

Tena bunduki ya polisi haitoki kwa Bodi, hutoka ghala la kituo. Desemba 2021 afisa wa kituo cha Kabete alimuua mkewe kwa risasi, akatoka na bunduki yake akaua wengine, kisha akajiua. Mke wa polisi anapoomba ulinzi, mkubwa wa kituo alazimike kuirudisha bunduki ghalani siku hiyohiyo.

Bunge liongeze sehemu moja katika sheria ya 2015: amri ya hakimu ya kukabidhi silaha, inayowabana raia na askari sawasawa, mwenye silaha akisikizwa ndani ya siku 21. Na wewe unayeishi na bastola mezani leo, piga 1195 bila malipo, chukua nambari ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), uende mahakama ya Makadara. Vitisho ni ukatili tayari. Huhitaji kusubiri risasi.