Mazungumzo Yasiyoweza Kungoja Unyago

Katika kata ya Njinjo, iliyo kwenye bonde la mto Matandu wilayani Kilwa, kama ilivyo katika sehemu kubwa ya mkoa wa Lindi, desturi haikumtarajia mzazi amweleze mwanawe habari za mwili. Kazi hiyo ilikuwa na wenyewe: kungwi, yaani mwanamke mzoefu anayemfunda mwali katika unyago, wazee wa kumbini, wanaowafunda wavulana wakati wa jando, na bibi au babu, ambaye utani wake na mjukuu humruhusu kuyatamka yale ambayo baba na mama wakiyatamka huonekana wamejivunjia heshima. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo ambaye maandishi yake kuhusu desturi za Waswahili yalichapishwa na Carl Velten mwaka 1903, aliyaeleza malezi, jando na unyago wa Mrima, yaani pwani ya bara, kwa namna inayodhihirisha kwamba mgawanyo huu wa kazi ni wa zamani na haukuwa wa Lindi peke yake. Mgawanyo huo ulikuwa na hekima yake, kwa sababu ulilinda staha kati ya mzazi na mtoto na ukampa mtoto mtu mzima mwingine wa kumwendea. Kasoro yake iko kwenye wakati: mafunzo huanza pale msichana anapovunja ungo, au mvulana anapoonekana amekua vya kutosha kuingia kumbini, ilhali hatari humfikia mtoto mapema zaidi.

Ukubwa wa hatari hiyo ulibainishwa na utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, uliofanyika Tanzania Bara na Zanzibar mwaka 2009 na matokeo yake kutangazwa mwaka 2011. Kati ya vijana wa miaka 13 hadi 24 waliohojiwa, karibu wasichana 3 katika kila 10, na mvulana 1 katika kila 7, walisema wamewahi kufanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufikisha miaka 18, na neno hilo lilijumuisha kushikwashikwa, kujaribiwa kubakwa, kulazimishwa na kurubuniwa. Linalopaswa kumshtua mzazi zaidi ni ukimya uliofuata, kwani takriban nusu ya wasichana hao, na wengi zaidi kwa upande wa wavulana, hawakumwambia mtu yeyote. Mtoto asiyewahi kusikia mambo hayo yakitajwa nyumbani huamini kwamba hayatajwi, na kwa hiyo anapoumizwa hunyamaza, akidhani kwamba kunyamaza ndiyo adabu aliyofundishwa.

Maisha ya Njinjo yana nyakati zake za hatari, na mzazi anayezifahamu huweza kuzungumza kabla hazijafika. Msimu wa kilimo unapopamba moto, wazazi wengi huhamia shambani na kulala kwenye dungu, yaani kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo ili kuilinda mimea dhidi ya nguruwe pori na wanyama wengine, huku watoto wa shule wakibaki kijijini chini ya uangalizi wa bibi, jirani, au kaka ambaye naye bado ni mtoto. Matandu ukifurika, kama ilivyotokea Januari 2020, familia hukimbilia kwenye mahema au madarasa na kulala zikiwa zimechanganyika na watu wasiojuana. Kwa wanafunzi wa sekondari waliopanga vyumba karibu na shule, vyumba ambavyo wenyewe huviita mageto, ugumu huanzia kwenye njaa: msichana aliyeishiwa unga, na ambaye dereva wa bodaboda humpa lifti na pesa ya vocha kila wiki, yumo ndani ya deni ambalo hakuna aliyemwambia kwamba halimlazimu kulilipa kwa mwili wake.

Wazazi wengi hudhani kwamba wametimiza wajibu wakishamtisha mtoto kwa habari za mumiani na watu wasiojulikana. Onyo hilo lina sehemu yake, maana utafiti wa mwaka 2009 ulionyesha kwamba baadhi ya waliotenda ukatili huo walikuwa wageni kabisa kwa mtoto, lakini wengi wao walikuwa watu anaowafahamu, wakiwemo majirani. Mtoto aliyefundishwa kumwogopa mgeni peke yake hana neno la kumwambia binamu, mwalimu wa masomo ya ziada, au rafiki wa baba anayelala sebuleni. Hata utani wa babu anayemwita mjukuu wake mke wangu, ambao ni utani wa upendo na haustahili kulaumiwa, unahitaji kuwekewa mpaka ulio wazi: maneno yanaruhusiwa, na mikono hairuhusiwi, awe anayetania ni babu au mwingine yeyote.

Mazungumzo haya hayahitaji kikao. Mzazi anayemwita mtoto ndani, akafunga mlango na kuanza kuhutubia, humtia hofu, ilhali wakati wa kuoga, kupalilia pamoja, kupepeta mpunga au kusubiri chakula kiive hutoa nafasi ya maneno machache yanayorudiwa mara nyingi. Mtoto wa miaka mitatu au minne anaweza kutajiwa viungo vyake vyote bila kurukwa hata kimoja, na kuelezwa ni nani anayeruhusiwa kumwogesha. Akifika miaka sita au saba aambiwe kwamba mtu mzima anayemtaka afiche jambo asimweleze mama anakosea, hata kama jambo hilo limekuja na pipi. Akikaribia miaka kumi aelezwe habari za balehe, hedhi na ndoto za usiku, kwa kuwa msichana anayeiona damu kwa mara ya kwanza akiwa darasani bila kuambiwa lolote huweza kudhani kwamba ana ugonjwa, na aibu hiyo huwatoa wengine shuleni. Mtoto akiuliza swali ambalo mzazi hana jibu lake, inatosha kumwambia kwamba atalipata kesho, mradi kesho hiyo ifike.

Fimbo huharibu kazi hii yote. Katika utafiti huo huo, karibu robo tatu ya vijana walisema walipigwa au kuumizwa mwilini utotoni na mtu mzima au mpenzi, na mtoto anayejua kwamba kila habari mbaya huishia kwa viboko hujifunza upesi kuzificha habari mbaya. Wazazi wanaopiga kwa nia ya kumlinda mtoto hujifungia mlango ambao siku moja watatamani sana upitiwe.

Mtoto anaposema ameumizwa, dakika za kwanza zina uzito mkubwa. Aachwe aeleze kwa maneno yake, asiulizwe kwa nini alikwenda huko, na asiahidiwe siri, kwa sababu watu wengine watalazimika kujua. Akiwa ameingiliwa, apelekwe kituo cha afya mara moja, kabla ya kuogeshwa, na nguo zake zitunzwe, kwani dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hufanya kazi zikianzwa ndani ya saa 72, na kwa familia iliyo mbali na Kilwa Masoko, wakati wa mvua na barabara mbovu, saa hizo huisha haraka. Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, afisa ustawi wa jamii na mtendaji wa kijiji wapo kwa ajili hiyo, na simu ya mtoto, namba 116, hupigwa bila malipo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa azifikishe kwenye serikali ya mtaa wake.

Hapo ndipo mashauri mengi hufia, kwa maana ndugu hukutana, fedha hutolewa, na jambo humalizwa kindugu ili jina la ukoo lisichafuke. Jambo hilo ni dhuluma ya pili kwa mtoto, na halina msingi kisheria, kwa kuwa tangu mwaka 1998 adhabu ya kubaka ni kifungo kisichopungua miaka 30, au cha maisha pale mtoto anapokuwa na umri wa chini ya miaka kumi. Ushahidi wa mtoto mwenyewe, akiahidi kusema kweli, unaweza kutosha kumtia mshtakiwa hatiani endapo mahakama itauamini, na mtoto aliyezoeshwa kuvitaja viungo vyake nyumbani huwa na maneno ya kusimulia yaliyompata.

Wapo wanaosema kwamba dawa ni kuufuta unyago. Lakini kungwi ni mtu anayesikilizwa kijijini kuliko bango lolote la kampeni, na akikubali kumwambia mwali kwamba kuvunja ungo hakumfanyi kuwa mke, kwamba shule inaendelea, na kwamba anaweza kumkatalia hata mkubwa, anafanya kazi ambayo ofisa kutoka wilayani hataiweza. Viongozi wa Lindi na Mtwara wamekuwa wakihimiza sherehe zifanyike wakati wa likizo, nalo ni jambo jema, ila mafundisho yenyewe yanahitaji kuangaliwa kwa makini kuliko tarehe. Kwa upande wa wavulana hali ni nzito zaidi, kwa sababu kumbini hufundishwa kuvumilia maumivu bila kulia, na mvulana aliyeshika somo hilo ndiye yule ambaye utafiti ulimkuta amenyamaza. Baba wa Njinjo anayempeleka mwanawe jando ana nafasi, njiani kabla hawajafika, ya kumweleza kwamba uvumilivu huo unahusu kisu cha ngariba peke yake, na kwamba mtu yeyote akimgusa kwa namna nyingine anapaswa kupiga kelele na kurudi nyumbani kusema.