Vuli na Mapukutiko: Maneno ya Kuandalia Bustani Majira ya Baridi

Wafasiri hutuuliza mara kwa mara: je, yale majira ambayo majani ya miti hupukutika katika nchi za kaskazini, kabla ya baridi kali kuingia, yaitwe vuli? Kamusi kadhaa hukubali, na vitabu vingi vimefuata. Sisi tunaliona jibu hilo kuwa na kasoro, na kasoro yenyewe hudhihirika zaidi katika maelezo ya bustani, kwa kuwa mtunza bustani hutenda kazi zake kwa kufuata majira.

Tutwae mfano wa jimbo la Minnesota, Marekani, ambako wanaishi Wakenya wengi. Huko jalidi ya kwanza aghalabu huonekana kati ya mwisho wa Septemba na katikati ya Oktoba, na baadaye udongo huganda kwa miezi kadhaa. Kwa hiyo Oktoba ni mwezi wa kufunga bustani: mboga za mwisho huchumwa, mashina ya nyanya yenye ugonjwa hung'olewa, na majani yaliyoanguka hukusanywa kwa reki ili yasifunike ukoka ukaoza. Kwetu, vuli ni mvua za Oktoba hadi Desemba. Kwa mkulima wa Tanga ni wakati wa kutia mbegu ardhini. Miezi inakaribiana, na bila shaka ndiyo sababu neno likachukuliwa, lakini kazi ni kinyume kabisa.

Neno kipupwe nalo lina taabu yake. Kipupwe ni baridi ya Juni hadi Agosti, miezi ambayo huko Minnesota ni ya joto. Ndugu wawili, mmoja Njombe na mwingine Minneapolis, wakiandikiana habari za kipupwe, watapishana kwa nusu mwaka. Kwa sababu hiyo tunapendekeza majira ya baridi, na yale yanayotangulia yaitwe majira ya mapukutiko. Kitenzi pukutika ni chetu tangu zamani, na mapukutiko yametokana nacho kama vile mabadiliko yalivyotokana na badilika. Vuli na kipupwe vibaki na maana zake za asili.

Jalidi ni neno ambalo wengi hulichanganya na theluji au barafu. Theluji huanguka kutoka mawinguni. Barafu ni maji yaliyoganda. Jalidi ni utando mweupe wa chembe za barafu unaotanda juu ya majani na udongo usiku wa baridi. (Barafu, kwa asili yake ya Kiajemi, ilikuwa na maana ya theluji, hivyo mchanganyiko huu haukuanza leo.) Wala jalidi si kitu cha ugenini tu. Wakulima wa Kitulo huijua, na Januari 2012 iliunguza mashamba ya chai huko Kericho.

Neno lililotuchukulia muda mrefu zaidi ni matandazo. Katika migomba na kahawa, matandazo ni nyasi na majani makavu yanayotandazwa ili kuhifadhi unyevu na kuzuia magugu. Kwa bustani ya majira ya baridi, tumekuta tafsiri zisemazo kwamba mimea hufunikwa "ipate joto". Maelezo hayo yanapotosha. Mimea ya kudumu hutandaziwa baada ya udongo kuanza kuganda, na shabaha ni kuufanya udongo ubaki katika baridi isiyobadilika. Udongo ukiganda, ukayeyuka, kisha ukaganda tena, huisukuma mimea juu hata mizizi ikaachwa wazi. Anayeamini kwamba anaipa mimea joto atatandaza mapema mno, na panya watapata mahali pazuri pa kujificha. Neno matandazo linafaa vivyo hivyo. Linalohitaji kusahihishwa ni maelezo yake.

Kitunguu saumu ni kighairi: hupandwa Oktoba hiyo hiyo, hutandaziwa, na huvunwa mwaka unaofuata, aghalabu Julai. Hapa kupanda kunabaki kuwa kupanda.

Limebaki bomba la uani. Maji yakiganda hutanuka kwa asilimia 9 hivi, na nguvu hiyo hupasua bomba. Mfasiri akiandika "funga bomba" tu, msomaji atazungusha koki ya nje na kuondoka, na maji yatakuwa yamebaki ndani. Maelezo sahihi ni kufunga koki iliyo ndani ya nyumba, kufungulia ile ya nje, na kuacha maji yote yatoke. Kwa kazi hiyo tumeonelea kukausha bomba, ingawa baadhi yetu wangependa kumwaga bomba.

Wasomaji wa nyanda za juu walio na jina jingine la jalidi katika lugha zao watuletee, pamoja na mfano wa matumizi yake, kabla orodha hii haijapelekwa kusanifishwa.